SIKU MOJA BAGAMOYO: ALIYELETWA MTUMWA AKAFA SHEIKH WA MJI



Mara nyingi katika Qur'ani Tukufu Mwenyezi Mungu anatuhimiza tutembee katika ardhi, tutazame yaliyowapata waliotutangulia. Sisi watu wa pwani twayasikia maneno hayo yakisomwa misikitini, twatikisa vichwa, kisha twarudi majumbani mwetu. Tukisafiri, ni kwa harusi au kwa msiba. Na tukipita mji wa kale, twauchungulia kwa dirisha la basi, twasema, "Mji huu umechoka," basi, imekwisha.

Jumamosi moja, siku chache baada ya Idi el Fitri, tulikata shauri tutoke Dar es Salaam asubuhi twende Bagamoyo, turudi jioni. Tulikuwa wanne, marafiki wa tangu chuo cha Qur'ani. Mmoja ni mwalimu wa skuli, wa pili ni fundi cherehani, wa tatu ni mfanyabiashara wa nguo, na wa nne ni mimi ninayekuandikia. Bagamoyo si mbali. Ni kilomita 70 hivi kwa upande wa kaskazini. Hatukuwa na shughuli huko. Nia yetu ilikuwa kupunga upepo, kula samaki, na kuutazama mji ambao kila mmoja wetu alikuwa akiutaja bila kuujua.

Nakuomba, ndugu msomaji, tufuatane katika safari hiyo, kwani tulikwenda na jambo moja mfukoni na tukarudi nalo limegeuka.

Jambo lenyewe lilianza katika basi, tulipokwisha kuipita Bunju. Rafiki yetu mfanyabiashara alikaa karibu nami, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, mwezi uliopita tumejiwa na watu. Wamekuja kumposa binti yangu."

Nikasema, "Mashaallah. Kheri hiyo."

"Kheri ingekuwa. Kijana mwenyewe hana ila. Anaswali, ana kazi ya mikono yake, na adabu anayo. Lakini shangazi zake binti wameulizauliza ukoo. Kumbe wale ni wazalia. Babu wa babu yake aliletwa na msafara kutoka bara."

"Mkawajibuje?"

"Tukawaambia binti bado anasoma."

Mzalia, kwa asiyelijua neno hili, ni jina walilolitumia wazee wetu kwa mtu aliyezaliwa pwani na wazazi watumwa. Ni neno la zamani, lakini lingali hai katika vyumba vya ndani, hasa siku za posa.

Nilinyamaza. Nami nakiri mbele yako, msomaji, kwamba kimya changu hakikuwa cha kukataza. Kilikuwa cha kukubali. Mimi pia nimewahi kuketi katika baraza za namna hiyo nikawa mmoja wa wazee wanaoitikia kwa kichwa.

KAOLE

Tulifika Bagamoyo saa tatu ya asubuhi. Kabla ya kuuzunguka mji tulichukua gari mpaka Kaole, mwendo wa kilomita 5 hivi kusini. Hapo ndipo palipokuwa na mji kabla ya Bagamoyo kuwa mji.

Kaole yamebaki magofu ya misikiti miwili na makaburi kadhaa, yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wataalamu wa mambo ya kale wameukadiria msikiti wa zamani zaidi kuwa wa karne ya 13. Maana yake ni kwamba Ibn Battuta alipopita pwani hii kwenda Kilwa mwaka 1331, watu wa Kaole walikwisha kuwa na mahali pao pa kusujudia. Wale wanaosema kwamba Uislamu pwani ni jambo la jana, waje wasimame mbele ya mihrabu hiyo.

Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, na katika kuta zake mna matundu ya mviringo. Humo zamani zilitiwa bakuli na sahani za Kichina, zilizovuka bahari pamoja na biashara. Hazikuwekwa kaburini na masikini. Ni makaburi ya watu waliokuwa na mali, na cheo, na jina.

Fundi cherehani wetu, ambaye macho yake yamezoea kupima, aliupitisha mkono juu ya chokaa ya mihrabu, akasema, "Aliyejenga hapa hakuwa na haraka." Kisha tukawatolea salamu watu wa makaburi kama tulivyofundishwa, tukawaombea maghufira.

Mwalimu akauliza, "Hawa walikuwa waungwana, si ndiyo? Sasa katika nyinyi, nani anaweza kunitajia jina la mmoja wao?"

Hakuna aliyejibu. Makaburi mengi pale hayana jina. Nguzo ingalipo, mwenye nguzo hajulikani. Na bahari iliyowatajirisha watu hao nayo imewakimbia, kwani mchanga na mikoko vimeifunga bandari, na biashara ikahamia kaskazini, Bagamoyo.

Rafiki yetu mfanyabiashara aliitazama nguzo ile kwa muda mrefu. Sikujua wakati huo alikuwa akifikiri nini.

MJI WA MISAFARA

Tukarudi mjini. Bagamoyo, ndugu msomaji, ni mji mdogo wa kupendeza. Vichochoro vyake havina fujo. Nyumba za kale za mawe zimepangana, nyingine zimetengenezwa, nyingine zimeota miti ndani. Na milango ya mbao iliyotiwa nakshi ingalipo hapa na pale kuonyesha mafundi wetu walivyokuwa. Pwani majahazi na mashua hulala ubavu maji yakipwa, na samaki hunadiwa mchangani. Tulikula samaki wa kukaanga, tukanywa madafu, tukamshukuru Mola.

Lakini mji huu haukujengwa kwa ajili ya kupendeza. Ulijengwa kwa ajili ya pembe za ndovu. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara, ikikabiliana na Unguja ng'ambo ya maji. Njia ya misafara ilianza hapa, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Wanyamwezi, ikaendelea mpaka Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 1,200 hivi kwa miguu. Kutoka pwani zilikwenda nguo, shanga na nyaya za shaba. Kutoka bara zilikuja pembe. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi kichwani au begani, na safari ilikuwa ya miezi.

Wazungu waliokuwa wakitafuta njia za bara walipita hapa pia. Burton na Speke walianza safari yao katika mwambao huu mwaka 1857. Stanley aliondokea Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa Livingstone uliletwa hapa, baada ya watumishi wake, wakiwamo Susi na Chuma, kuuchukua kwa miguu kutoka bara. Ukalazwa katika misheni ya mapadri wa Kikatoliki waliofika hapa 1868, kisha ukasafirishwa kwenda London. Habari hizi mgeni yeyote afikaye Bagamoyo husimuliwa.

Na ziko nyingine zinazofaa kusimuliwa. Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika miji ya mrima kwa mkataba iliofanya na Sultani wa Unguja, watu wa pwani walikataa. Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani wakasimama, na Bagamoyo ikapigwa mizinga kutoka manowari mwezi wa Septemba mwaka huo. Abushiri alishikwa, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani wakaifanya Bagamoyo makao ya serikali yao, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Nani tena angetembea kwa miguu miezi mitatu, naye ana gari moshi? Misafara ikafa, na Bagamoyo ikalala.

Hivyo ndivyo ilivyo dunia. Kaole iliachwa na bahari, Bagamoyo ikaachwa na njia.

WALIOFUNGWA NA WALIOFUNGA

Sasa tulifika mahali ambapo msimulizi hupenda kupita mbio, nami sitaki tupite mbio.

Pamoja na pembe walikuja watu. Wako waliotekwa vitani, wako walioibwa wangali watoto, wako waliouzwa na jamaa zao wakati wa njaa. Wengine walivushwa Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu. Wengine walibaki hapa hapa Bagamoyo, wakalima mashamba ya minazi, wakapika majumbani, wakabeba mizigo bandarini. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kushikiliwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari. Lakini utumwa wenyewe haukuisha. Wajerumani hawakuufuta, walitoa amri tu kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru. Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, wakati wa Waingereza.

Watu hueleza jina la Bagamoyo kwa namna mbili. Wako wasemao ni neno la mpagazi aliyefika pwani baada ya taabu ya njia: bwaga moyo, pumzika, umefika. Na wako wasemao ni neno la mtumwa: bwaga moyo wako hapa, kwani mbele ni bahari na huko utokako hutarudi. Jina ni moja, na kila mtu alilisikia kwa sikio la hali yake.

Ni nani waliofunga? Tusijidanganye. Walikuwamo Waarabu, walikuwamo Waswahili, walikuwamo watu wa bara wenyewe waliouza wenzao, na mitaji mingi ilitoka kwa matajiri wa Kihindi. Na wengi miongoni mwao walikuwa wakiswali sala tano. Dini yetu imeuweka ukombozi wa mtumwa kuwa kafara ya makosa, na imetenga fungu la Zaka kwa ajili ya kuwakomboa walio utumwani, kama tusomavyo katika Suratut Tawba. Milango ya kutoka ilifunguliwa mingi. Lakini wako Waislamu walioifanya milango hiyo ya kuingilia. Kosa hilo ni letu, si la dini, na mtu mzima hukiri kosa lake.

Na palikuwa na kifungo cha pili, cha mdomo na cha macho. Katika miji yetu ya pwani mtumwa hakutakiwa avae kofia wala viatu mbele ya waungwana. Alikuwa hana baba wa kutajwa. Hata akiachwa huru, jina lilimfuata. Na akifa, likawafuata watoto. Pingu za miguuni zilifunguliwa mwaka 1922. Hizi za pili hakuna serikali iwezayo kuzifungua, kwa sababu zinafungwa na shangazi zetu sebuleni, nasi wanaume tukiwa tumekaa.

SHEIKH RAMIYA

Tulisali adhuhuri katika msikiti wa mtaani. Baada ya sala mzee mmoja wa hapo alitukaribisha barazani pake, tukaletewa kahawa na kashata. Alipojua tumetoka Dar es Salaam kuuona mji, akauliza, "Mmeonyeshwa nini?" Tukamwambia: Kaole, ngome ya zamani, nyumba za misafara, boma la Wajerumani. Akacheka kidogo, akasema, "Mmeona mawe. Habari za Sheikh Ramiya je?"

Wengine wetu tulikuwa tumelisikia jina tu. Basi nawe msomaji, kama hukupata kusikia habari zake, zisikilize.

Jina lake ni Yahya bin Abdallah, akajulikana pwani nzima kwa jina la Sheikh Ramiya. Hakuzaliwa Bagamoyo. Alizaliwa mbali sana, upande wa mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19, angali mtoto, aliletwa pwani kwa njia ile ile niliyokueleza, akiwa mtumwa. Akaingia katika nyumba ya Al-Lamki, ukoo wa Kiarabu kutoka Oman uliokuwa na mali na cheo mjini.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtoto ametengwa na mama yake, ametembea kwa miguu nchi ambayo wewe ukiivuka kwa gari unachoka. Amefika mahali ambapo lugha si yake, bahari hajapata kuiona, na jina lake la kwao hakuna aliulizaye. Kama yuko mtu mwenye haki ya kukata tamaa, ni huyo.

Lakini Mwenyezi Mungu humnyanyua amtakaye. Yahya alikua, akaushika Uislamu kwa mikono miwili. Akafanya biashara ndogo ndogo, akajinyima, mpaka akawa na mashamba yake mwenyewe ya minazi. Na elimu aliitafuta akiwa mtu mzima, katika umri ambao wengine husema, "Mimi sasa nimekwisha komaa, ulimi haupindiki." Alikaa chini kwa masheikh, akasoma, akasoma tena, mpaka wale waliokuwa wakimjua kwa utumwa wake wakaanza kumjua kwa elimu yake.

Siku hizo tarika ya Qadiriyya ilikuwa ikienea pwani. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa katika nchi ya Wasomali mwaka 1909, alikuwa miongoni mwa walioieneza mpaka Unguja, na kutoka huko ikaingia mrima na bara. Sheikh Ramiya akawa khalifa wa tarika hiyo Bagamoyo, na miongoni mwa makhalifa wake wakubwa katika Tanganyika nzima. Wanafunzi walimjia kutoka miji mingine, wakasoma, wakarudi kwao kusomesha. Maulidi ya Bagamoyo yakawa ni jambo la watu kufunga safari. Mji ambao njia yake ya biashara ilikuwa imekufa, ukapata njia mpya. Na mlango wa njia hiyo alikuwa mtu aliyeingia mjini hana hata ruhusa ya kusema yeye ni nani.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931, miaka 9 tu baada ya utumwa kufutwa kisheria katika nchi hii. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akakishika kiti chake, akaendeleza kazi ya baba yake, na baadaye akawa miongoni mwa masheikh waliounga mkono chama cha TANU katika kudai uhuru.

Mzee wa baraza alipomaliza alisema neno ambalo nimelichukua mpaka leo. Alisema, "Waungwana na watumwa walikaa kwake mkeka mmoja. Aliyeona tabu kukaa, alikosa darsa."

Tukamaliza kahawa. Kutoka hapo, rafiki yetu mfanyabiashara hakusema neno mpaka tukaingia garini.

SWALI LA KUFU

Najua, msomaji, wako watakaosema: "Habari za Sheikh tumezikubali. Lakini ndoa ni jambo jingine. Je, wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakutaja kufu? Na nasaba haimo?"

Imo, wala sitaificha. Wanazuoni wameitaja. Lakini soma pia waliyoyasema baada yake: kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, imewekwa kumlinda binti asitupwe mahali pa kumdhalilisha. Wakiridhia wao, ndoa ni sahihi, haina doa. Haki ya kumlinda binti si rungu la kumpiga mtoto wa mwenzio. Na ajabu yetu ni hii: nasaba twaiulizia mpaka babu wa nne, na sala ya kijana hatuulizi hata ya juzi. Akija mlevi wa ukoo mkubwa, twasema, "Ataacha akioa." Akija mcha Mungu ambaye babu yake alifungwa, twasema, "Binti bado anasoma."

Tumtazame Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Zaid bin Haritha alikuwa mtumwa aliyetekwa utotoni, kama yule mtoto wa Kongo. Mtume alimwacha huru, akampenda kama mwana, akamwoza Zainab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe. Utasema, ndoa ile haikudumu. Kweli, haikudumu. Basi tazama yaliyofuata. Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipoposwa na watu wawili wa Kikureshi akaja kutaka shauri, Mtume (s.a.w.) hakumwelekeza kwa mmoja wao. Alimwambia aolewe na Usama, mwana wa Zaid huyo huyo. Mwanzo hakupenda. Kisha akatii, naye mwenyewe akaja kueleza kwamba Mwenyezi Mungu alitia kheri nyingi katika ndoa ile mpaka wenzake wakamwonea wivu. Na Usama huyo ndiye aliyepewa uamiri wa jeshi angali kijana, chini yake wakiwamo Masahaba wakubwa.

Na Bilal (r.a.) twamtaja kila siku. Twapenda kuwaambia watoto kwamba mwadhini wa kwanza alikuwa mtumwa Mhabeshi. Je, Bilal akipiga hodi leo na barua ya posa, tutamfungulia?

Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba ametuumba kwa mwanamume na mwanamke, akatufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele yake ni yule amchaye zaidi. Makabila ni ya kujuana. Sisi tumeyafanya ya kufungiana milango.

KURUDI

Tuliondoka Bagamoyo baada ya sala ya alasiri. Jua lilikuwa limelegea, na katika basi watu walikuwa wamechoka, wamelala. Tulipofika Kerege rafiki yetu akanigeukia.

"Nimekuwa nikipiga hesabu," akasema. "Kama ningalikuwa Bagamoyo zama zile, na Yahya yule akaja kunitaka binti, ningalimwambia bado anasoma."

Nikamwambia, "Na mimi ningalikuwa nimeketi hapo hapo karibu yako, nikiitikia."

Hatukusema zaidi. Lakini wiki ile ile aliwakusanya watu wa nyumba yake, na safari hii mimi sikunyamaza. Shangazi mmoja alikasirika, akaondoka bila ya kunywa chai. Mwingine alilia, akasema hakupata kuliona jambo kwa jicho hilo. Mwisho wakakubaliana wapeleke ujumbe kwa wazee wa kijana yule, kwamba mlango uko wazi.

Ningependa kukuambia kwamba palifanyika harusi. Haikuwa. Jibu lililorudi lilikuwa la heshima na fupi: kijana amekwisha kuposa kwingine, na wamekubaliwa, wanawatakia kheri. Binti alipoambiwa hakusema kitu, aliinuka akaenda kutia maji birika. Baba yake aliniambia kwamba hajapata kuona mgongo wa mtu ukisema maneno mengi namna ile.

Alhamdulillahi kwa kila hali. Riziki hugawa Mola, na huenda liko lililo bora mbele. Lakini sisi tulioufunga mlango hatuwezi kujificha nyuma ya kadari. Mlango tuliufunga kwa mikono yetu, na tulipoufungua aliyebisha alikwisha kwenda.

Basi, ndugu msomaji, ukipata nafasi, nenda Bagamoyo. Chukua watoto. Waonyeshe mihrabu ya Kaole wajue dini yao ina mizizi katika mchanga huu. Waonyeshe pwani ile walikopakiwa binadamu, usiwafiche nani aliyewapakia. Kisha wasimulie habari za yule mtoto wa Kongo, waambie kwamba waungwana wa Kaole waliozikwa chini ya nguzo hatuyajui majina yao, na yeye aliyefika bila ya ukoo anaombewa dua mpaka leo.

Na siku utakapopigiwa hodi na kijana mcha Mungu, wewe ni baba, au ni mjomba, au ni shangazi, kabla hujauliza babu yake aliletwa na nani, jiulize mwenyewe unajua nini juu ya babu wa babu yako. Msafara ulikuwa mrefu, na wengi wetu tulimo ndani yake tusikojua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofungwa, awasamehe waliotubu miongoni mwa waliofunga, na azisafishe nyoyo zetu na kiburi cha majina. Amin.

Wabillahi tawfiq.